Wazazi wa Divya Hawakuwa Sahihi

Karibu kila mtu niliyezungumza naye baada ya kuiona Mouna Ragam ameniambia neno lile lile: "Si unaona? Mapenzi huja baada ya ndoa." Mama mmoja wa makamo aliongeza, "Ndiyo maana tunasema wazazi hawakosei." Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno, na kila nikilisikia naumia, kwa sababu naipenda filamu hii na naona inasingiziwa. Ni kweli kwamba mwishoni Divya, binti aliyeozwa na wazazi wake, anampenda mumewe. Lakini ukifuata hatua kwa hatua njia aliyopita mpaka akafika pale, utakuta wazazi wake walichangia jeraha tu. Dawa aliipata kwingine.

Filamu ilitoka tarehe 15 Agosti 1986. Aliyeiandika na kuiongoza, Mani Ratnam, alikuwa na miaka 30, na filamu nne alizotangulia kuzitengeneza hazikuwa zimempa jina kubwa. Muziki ni wa Ilaiyaraaja, kamera ni ya P. C. Sreeram, na Divya anachezwa na Revathi. Iliondoka na tuzo ya taifa ya India ya filamu bora ya Kitamil. Nasisitiza Kitamil, kwa sababu huku kwetu tumezoea kuita kila picha ya India "ya Kihindi", iwe imetoka Bombay (Mumbai ya leo) au Madras (Chennai ya leo), na watafsiri wetu wa mitaani huzitia zote kapu moja. Kitamil ni lugha ya ukoo mwingine kabisa, ya kusini, yenye maandishi yake na fasihi ya miaka ipatayo 2000. Ndani ya hadithi hii tofauti hiyo ina uzito wake. Divya akishaolewa anapelekwa Delhi, kaskazini, ambako hata kumweleza jirani shida yake ni kazi, maana Kihindi hakijui. Ameozwa, na papo hapo amekuwa mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe.

Lakini turudi nyuma kidogo, siku ya posa. Watamil wana desturi ya kwenda kumtazama binti. Familia ya mwanamume huja nyumbani, hukaribishwa kahawa na vitafunwa, binti hutokezwa amevaa sari na maua kichwani, watu humwangalia, huuliza maswali mawili matatu, na majibu hufuata. Divya anajua kwamba nyumbani kuna wageni wa namna hiyo, na anachelewa makusudi. Mvua inanyesha, anacheza nayo na wenzake, nguo zimelowa chapachapa, hesabu yake ni kwamba mpaka afike wageni watakuwa wamechoka na kwenda zao. Anafika. Chandrakumar, mwanamume aliyekuja kuposa, bado yupo, amekaa anamsubiri.

Chandrakumar anaomba kuzungumza naye faragha, na hapo Divya anamwaga yote. Anamwambia kasoro zake moja baada ya nyingine, anamwambia hatamfaa, amwache. Yule bwana hakasiriki. Anavutiwa na ukweli wake na kusema ameridhika naye. Watazamaji wengi hutabasamu hapo. Mimi tukio hili linanitia baridi. Msichana amesema hapana kwa kinywa chake, mbele ya mhusika mwenyewe, kwa maneno yasiyo na tafsiri ya pili, na hapana yake imepokewa kama pambo jingine la kumfanya apendeze. Chandrakumar ni mtu mwema, na sehemu iliyobaki ya filamu inalithibitisha hilo. Hata hivyo kosa lake la kwanza alilitenda siku ile, nyumbani kwa watu, na filamu haikumfichia.

Nyumbani Divya anashikilia msimamo. Baba anakuja juu, maneno yanarushwa, kisha baba anapata mshtuko wa moyo. Mama anamjia bintiye bila ugomvi. Anambembeleza: akubali, kwa ajili ya baba yake. Divya anakubali.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa tukio hili. Tunalo neno lake, nalo ni radhi. Mzazi mwenye radhi mkononi hana haja ya fimbo. Presha ya baba, sukari ya mama, machozi ya bibi aliyekaa kwenye mkeka na khanga imefunika uso: mambo haya yameoza mabinti wengi kuliko ubabe wowote. Nimewahi kusimama wodini nikamwona binti wa ukoo wetu akikubali posa kando ya kitanda cha mgonjwa, dripu inadondoka, shangazi zake wakipiga kigelegele cha chini chini ili wasiwaamshe wagonjwa wengine. Hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo maana mpaka leo hana wa kumlaumu.

Ukubwa wa Mani Ratnam uko hapa: ugonjwa wa baba ni wa kweli. Baba angekuwa anajifanya, tungemchukia, na jambo lingekuwa jepesi. Moyo wake umeumia kweli, na binti anampenda kweli, na mtego unafyatuka kwa sababu ya hayo mawili. Lakini ukweli wa ugonjwa haugeuzi deni kuwa haki. Uhai wa baba umewekwa kwenye mizani, upande wa pili umewekwa mwili wa binti, na binti ndiye aliyeambiwa achague. Huko ni kumwonea mtu, hata kama anayemwonea analia.

Usiku wa harusi Divya anamgeukia mama yake na kumuuliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha filamu nzima. Kwa maana yake, anauliza hivi: juzi tu, mngeniruhusu kulala chumba kimoja na mwanamume nisiyemjua? Mbona leo mnanisukuma niingie? Msichana huyu amelelewa akiambiwa asichelewe kurudi, asionekane na wavulana, ajichunge. Kisha kwa sherehe ya siku moja, uzi wa manjano wa thali, alama ya mke, umefungwa shingoni, anatakiwa asahau yote aliyofundishwa na afungue mlango. Sisi wa pwani tuna somo na kungwi, na angalau msichana hukalishwa akaambiwa nini kinamngoja. Lakini hata kungwi hamuulizi kama anataka.

Mani Ratnam ameeleza kwamba mbegu ya filamu ilikuwa hadithi fupi aliyoiandika, iliyoitwa Divya, juu ya usiku huo huo wa kwanza wa msichana aliyekuzwa kwa kuchungwa. Katika wazo lile la mwanzo hakukuwa na Manohar, mpenzi wa Divya wa kabla ya ndoa. Aliongezwa baadaye, ili picha ivutie watu wengi zaidi.

Manohar anachezwa na Karthik. Muda wake kwenye skrini ni mfupi, lakini waulize Watamil wa rika lile, ndiye wanayemtaja kwanza. Ni kijana mtukutu, mwepesi wa ngumi, mwenye uchungu na wanyonge. Kuna mahali Divya ameketi mgahawani na baba yake, na Manohar kutoka meza nyingine anaanza kumwita mzee kwa jina, kwa sauti ya juu, "Mister Chandramouli!", tena na tena, huku binti anatamani ardhi impasukie. Katika nyumba ambayo jina la baba halitamkwi ovyo, kijana huyu analitamka kama analipigia mnada. Tunacheka, na kicheko hicho kinatufundisha kwa nini Divya alimpenda: mbele yake, mamlaka ya baba yalionekana kama kitu ambacho mtu anaweza kukigusa na asife.

Lakini anakufa. Siku waliyopanga kufunga ndoa kwa msajili, anauawa kwa risasi ya polisi, mbele ya macho ya Divya. Na msiichukulie ile ofisi ya msajili kama uhuni wa vijana wawili. Nchi ya Watamil ilikuwa imeshabishana juu ya ndoa kwa miaka 60. Periyar E. V. Ramasamy alianzisha harakati zake za heshima binafsi mwaka 1925, na wafuasi wake walioana bila kasisi wa Kibrahmini, kwa ahadi na mashada ya maua tu. Mwaka 1967 serikali ya jimbo ya C. N. Annadurai, ambaye mwenyewe aliwahi kuandika filamu, ilizipa ndoa hizo nguvu ya sheria. Kwa hiyo wazo kwamba watu wawili wazima wanaweza kusimama wakaoana wao wenyewe lilikuwa wazo la nyumbani. Halikuletwa na meli.

Kibiashara, kumwongeza Manohar kulifaa. Bila yeye huenda filamu isingejulikana hata nusu ya ilivyojulikana. Ila nina lawama yangu, na sijawahi kuiacha. Kabla Manohar hajaingia, Divya anakataa kuolewa kwa sababu hataki kuolewa na mtu asiyemjua, na sababu hiyo inatosha. Baada ya Manohar kuingia, kukataa kwake kunapewa cheti: kumbe alikuwa na mpenzi, kumbe alifiwa, maskini, sasa tunaelewa. Kana kwamba msichana akisema hapana lazima aonyeshe kaburi. Hata hivyo filamu ilianza na ile hapana ya mwanzo, ya mvuani na ya mazungumzo ya faragha, na imeiacha ibaki. Anayetaka kuiona ataiona.

Sasa Delhi. Mume anamuuliza mkewe anataka zawadi gani. Anajibu: talaka. Akiguswa, anasema, anahisi kama kiwavi cha manyoya kinamtambaa mwilini. Nadhani kwa Kiswahili kauli hiyo inauma hata zaidi, kwa sababu kila mtoto aliyepanda mti wa mwembe anajua kiwavi kinavyowasha, na kwamba ukijikuna ndiyo unakieneza. Chandrakumar anaipokea. Anauliza, anasikiliza habari za Manohar mpaka mwisho, kisha anakwenda naye kwa wakili. Sauti yake ni tulivu mfululizo, bila kupanda. (Sauti hiyo si ya Mohan, mwigizaji anayemcheza; iliingizwa na S. N. Surendar, kama ilivyokuwa katika filamu nyingi za Mohan, na bila utulivu ule nusu ya mhusika ingepotea.)

Wakili anawaambia hawawezi kuachana kabla ya mwaka mmoja kupita. Hiyo si hila ya mwandishi. Sheria ya Ndoa ya Wahindu ya 1955 iliweka miaka mitatu, na marekebisho ya 1976 yakaipunguza kuwa mmoja. Wasomaji wa Tanzania wataitambua pua yake: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inataka miaka miwili, isipokuwa mahakama imetoa ruhusa. Wazo la sheria kama hizi ni kwamba watu wapewe muda, hasira ziwatoke. Kwa mke mwenye mume mkatili, muda huo ni kifungo. Kwa Divya ulikuwa kitu kingine, na tofauti ilitokana na tabia ya mtu mmoja tu.

Maana Chandrakumar hamgusi. Wanakaa nyumba moja, wanapishana mlangoni, mwanga wa Sreeram unaingia kwa dirishani na kuacha nusu ya chumba gizani, na kila mmoja ana nusu yake. Usiku mume anauimbia mwezi, kwa sauti ya S. P. Balasubrahmanyam, akiuomba uje usiende. Anaomba, lakini anauomba mwezi. Mkewe hamwombi. Jina la filamu lina maana ya raga, yaani tuni, ya ukimya, na sehemu hii ndiyo inayolibeba jina. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi ianze, Divya yuko mahali ambapo hakuna anayemdai jibu.

Kisha Chandrakumar anashambuliwa na kuchomwa kisu kwa sababu ya mgogoro wa wafanyakazi kazini kwake. Divya anahangaika, anamuuguza. Na hapa naomba mtazamaji asimame kidogo, kwa sababu filamu inatuonyesha kitanda cha mgonjwa kwa mara ya pili. Kitanda cha kwanza kilikuwa cha baba, na kando yake kulikuwa na mama aliyebembeleza, na ukoo uliongojea jibu. Divya alitoa alichoombwa na moyo wake ukafa. Kitanda cha pili hakina mwombaji. Mgonjwa mwenyewe hataki kitu. Ameshazoea wazo kwamba mwanamke huyu ataondoka, na katika siku zinazofuata ndiye anayelisimamia wazo hilo kwa ukali kuliko Divya. Mapenzi ya Divya yanazaliwa kwenye kitanda kisicho na deni. Kama wazazi wangekuwa sahihi, yangezaliwa kwenye kile cha kwanza.

Vile vikuku vya miguuni ambavyo mume alimnunulia na yeye hakuvijali, sasa anavivaa. Hakuna aliyemwambia avivae. Vina vikengele, kwa hiyo mwenye nyumba hana budi kuvisikia. Mwanamke ambaye ukoo mzima ulimpamba siku ya harusi bila kumuuliza, sasa anajipamba mwenyewe kwa kitu kimoja, na anatembea navyo mbele ya mtu mmoja, akingoja. Ni tukio dogo, na Revathi analicheza kwa miguu na macho tu. Uamuzi wake mkubwa anaufanya hapo. Stesheni inakuja kuuthibitisha.

Stesheni anafika akiwa na tiketi ya kurudi Madras na karatasi za talaka. Vyote viwili amepewa na mumewe. Treni inangojea. Anaweza kupanda na asiulizwe na mtu. Katika hali hiyo ndipo anapofungua mdomo na kumwambia Chandrakumar kwamba anampenda, kwa hasira, kwa machozi, bila kubembeleza. Treni inaondoka naye, na safari hii anayekimbia ni mwanamume, anaifukuza, anapanda, anavuta mnyororo, inasimama. Ndiyo ya Divya imepatikana siku ambayo hapana ilikuwa inawezekana kikamilifu. Wanaosema "mapenzi huja baada ya ndoa" wameruka tiketi. Kwa hesabu yangu, mapenzi haya yalikuja baada ya talaka.

Siisifu filamu kwa yote. Inategemea mno bahati ya Divya. Ameangukia mtu mstaarabu, lakini ustaarabu wake haukuwa wajibu wa kisheria. Sheria ya jinai ya India ya wakati ule haikumtambua mke aliyetimiza miaka 15 kuwa anaweza kubakwa na mumewe, na hata sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 2024 imemwachia mume kinga hiyo, mradi mke ametimiza miaka 18. Kwa hiyo mabinti wengine waliosukumwa kuingia chumba kama kile walimkuta nani? Filamu haiwezi kujibu kwa niaba yao, lakini mtazamaji anayetoka humo akisifu ndoa za kupangwa inambidi ajiulize.

Inanyamaza pia juu ya tabaka za kuzaliwa. Mchumba aliyeletwa ni wa kufaa, na hakuna anayeeleza kufaa ni nini. Watamil wanajua. Mwaka 2016, katika mji wa Udumalpet, kijana wa jamii ya Wadalit, waliowekwa chini kabisa katika ngazi ya tabaka, aliuawa kwa mapanga barabarani, mchana, kwa sababu alioa msichana wa tabaka lililo juu ya lake. Mkewe alijeruhiwa pamoja naye. Wajibu kwa familia, ukiusogelea karibu, mara nyingi una ulinzi wa mipaka ya namna hiyo ndani yake. Filamu za Kitamil za miaka ya karibuni zimeanza kulisema wazi. Ile ya 1986 haikuligusa.

Na kuna baba. Hadithi inahamia Delhi, na uzito wa alichotendewa binti unabaki Madras bila mwenyewe. Ningetamani mtu mmoja tu wa nyumba ile amwambie Divya: tulikukosea. Radhi, kama tunavyoizungumza, hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Sioni kwa nini isipande juu pia, mzazi naye akamwomba mwanawe radhi, hasa pale alipomtoa ili yeye apone.

Mwaka jana niliitazama tena Mouna Ragam na yule ndugu yangu wa wodini. Sasa ana watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha nne. Mumewe si mtu mbaya, na hilo hulisema mwenyewe kabla hujamuuliza. Alitazama kimya mpaka treni iliposimama. Nilimuuliza ameionaje.

"Nzuri," akasema. "Ila mwenzangu alipewa tiketi."

Akaniomba nirudishe pale penye vikuku, tukapaangalia tena.